Dereva wa Kasulu aliyeona theluji akadhani ni nyota

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye nyasi za uani, na Melkiadi Bitaliho anaosha gari ambalo halina hata tone la tope. Analizunguka na kitambaa cha pamba mkononi. Anafuta kioo cha pembeni, anafuta vitasa, anafuta tairi la akiba lililobebwa mgongoni mwa mlango wa nyuma. Akifika mbele anasita kidogo, kisha anarudia kufuta palepale alipokwisha kufuta.

Uwanja huu ni wa shirika dogo linalokarabati visima na pampu za maji katika vijiji vya Kasulu na Kibondo. Madereva wake ni watatu. Melkiadi, mwenye umri wa miaka 57, ndiye mkubwa wao kwa umri na kwa kazi. Ameshika usukani hapa miaka ishirini na mmoja, na mshahara wake sasa ni shilingi laki sita na arobaini elfu kwa mwezi.

Ukweli ni kwamba mwandishi hakuja kwa ajili yake. Alikuja kwa ajili ya gari. Mhariri alitaka makala kuhusu haya magari mapya madogo, yanayovutwa na magurudumu yote manne, ambayo yameanza kuonekana huku kwetu juu. Je, yanaziweza barabara zetu za udongo, au ni mapambo ya watu wa lami?

"Gari nitakuonyesha lote, usijali," anasema Melkiadi na kukunja kitambaa chake mara nne. "Lakini ukishaandika gari, uandike na nilichofanya mimi. Ukiandika gari peke yake utakuwa umenisaidia kuficha."

Mwandishi anamwambia kwamba hayo yataonekana mbele ya safari. Melkiadi anatikisa kichwa na kufungua mlango.

Basi tuanze na gari. Ni fupi, la mraba mraba, rangi ya majani makavu, na watu wa sokoni wamekwisha kulipachika jina la Kisanduku. Ukilisimamisha kando ya lile gari kubwa la zamani la shirika, ambalo Kisanduku kinalifikia begani tu, unaweza kudhani ni mtoto aliyemsindikiza mama yake kliniki. Lakini tumbo lake liko juu kuliko unavyotegemea. Kuku anapita chini yake bila kuinamisha shingo.

Waliolichora walijua walichokuwa wakifanya. Magurudumu yamesukumwa hadi pembeni kabisa, kwa hiyo likipanda tuta au kushuka korongo, pua yake haigongi ardhi. Kuzunguka matairi kuna plastiki nyeusi ngumu, mahali ambapo mawe ya huku huwa yanakula rangi. Kwenye vinjia vya Muyama, ambako gari kubwa lilikuwa likienda mbele na kurudi nyuma mara tatu ili kugeuka, hili linageuka mara moja na kuendelea na safari.

Ndani hakuna tundu la ufunguo. Unakuwa na kirimoti mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inaamka. Ukirudi nyuma, kioo kilicho katikati ya dashibodi kinakuonyesha mbuzi aliyelala nyuma ya tairi. Usipofunga mkanda linalia, na haliachi. Madereva wa mjini wamepata dawa yake: wanafunga mkanda kwanza, halafu wanaukalia. Melkiadi anasema yeye hajawahi kufanya hivyo, na mwandishi anamwamini, maana mtu huyu siku hizi hana hamu ya kujitetea kwa lolote.

Kuna pia kitufe cha kushukia mlima. Ukikibonyeza, gari linashuka polepole lenyewe, linajishika breki gurudumu moja moja, na wewe umeinua mguu. Mara ya kwanza Melkiadi alipokitumia, mama mmoja aliyepewa lifti alianza kusali rozari.

Halafu kuna kile kidude cha kuzungusha, chini karibu na gia, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Kina picha nne. Ya kwanza ni barabara. Ya pili ni tairi lililozama nusu. Ya tatu ni mistari ya mawimbi. Melkiadi anaweka kidole kwenye ya nne na kumuuliza mwandishi hiyo ni nini.

Mwandishi anaitazama. Ina ncha sita zinazotoka katikati. Anajibu: nyota.

Melkiadi anacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Ahaa," anasema. "Sasa tuko wawili."

Ili msomaji aelewe kilichotokea, inabidi ajue kwanza gari la zamani lilivyokuwa. Lile lilikuwa chuma kitupu. Ukifika kwenye matope, dereva anasimamisha, anashuka, anachuchumaa kwenye tope na kufunga kwa mkono vifungo vya magurudumu ya mbele, kulia na kushoto. Kisha anarudi kwenye usukani na kuvuta mti wa pili wa gia, ule mfupi. Huko ndiko kuweka foo, yaani kuyafanya magurudumu yote manne yavute. Abiria wote, mabwana wakubwa na wahandisi, wanakaa kimya wakimtazama mtu mmoja.

"Pale ndipo dereva alipokuwa dereva," anasema Melkiadi. "Hata bosi ananiuliza, Mzee Melki, tutavuka? Namwambia tulia."

Melkiadi alizaliwa Kitahana, Kibondo, akamaliza darasa la saba, akaanza kama utingo wa lori la mahindi. Udereva alijifunza kwa kuiba kwa macho. Hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye benchi akamfundisha, na jambo hilo alilivaa kama nishani. Ukimweleza kitu chochote kuhusu gari, alikuwa na neno moja tu la Kiha: "Ndabizi." Maana yake, najua. Wenzake wakaligeuza neno hilo likawa jina lake. Hadi leo ukimuulizia Bitaliho pale stendi ya Kasulu watakushangaa, lakini ukimuulizia Ndabizi watakuelekeza mpaka mlangoni kwake.

Gari jipya lilifika Novemba mwaka jana. Gereji inayohudumia magari ya shirika ilimtuma fundi kuwafundisha madereva kwa siku mbili. Fundi huyo alikuwa Safina Abdalah, binti wa miaka 26, mhitimu wa ufundi wa magari na mtoto wa mfanyabiashara wa duka la jumla hapo Kasulu. Alikuja na ovaroli safi, ushungi umebanwa vizuri, na daftari lenye michoro aliyoichora kwa mkono wake.

Alianza kwa kusema, kwa adabu zote, "Shikamooni wazee wangu. Hili gari halifanani na lile. Naomba tusahau kidogo tuliyoyazoea."

Melkiadi hakupenda kuambiwa asahau. Anakumbuka alivyoegemea ukuta, mikono kifuani. Safina alieleza kitufe cha kuwashia, yeye akasema ndabizi. Akaeleza kamera, ndabizi. Wenzake wakacheka, na Safina naye akacheka kidogo, maana angefanya nini? Chai ya saa nne ilipoletwa, Melkiadi alichukua andazi lake akaondoka. Kile kidude chenye picha nne kilifundishwa saa tano.

"Kuuliza si ujinga, wanatufundisha hivyo tangu utoto," anasema sasa, macho yake yakiwa kwenye dashibodi. "Mimi niliona kumuuliza yule binti ni kama kuvua suruali sokoni."

Akakifumbua kidude hicho kwa akili zake mwenyewe. Barabara ni barabara. Tairi lililozama akaliona ni onyo: usiende huko, utazama. Mawimbi akasema ni maji. Na nyota? Nyota ni ya maofisa. Nyota iko mabegani mwa wakubwa wa jeshi, iko kwenye hoteli za wenye fedha. Kitu kilichopewa nyota ndicho chenye nguvu zote.

Hakukaa nayo moyoni. Aliwafundisha wale madereva wawili vijana kwamba Safina ameeleza juu juu, siri yenyewe ni nyota. Wao walikuwa wamefundishwa ukweli, lakini hawakuthubutu kumbishia mkubwa wao. Alimwambia bosi. Aliwaambia hata wauza mahindi ya kuchoma barabarani. Kiangazi chote kifupi cha Januari alizunguka na Kisanduku kikiwa kwenye nyota, na kwa kuwa barabara zilikuwa kavu, hakuna kilichomsuta.

Machi mvua ikashuka kama ilivyo desturi yake huku milimani, asubuhi na jioni bila kuomba ruhusa. Tarehe kumi na moja, Melkiadi alikuwa akiwapeleka bosi wake na wageni wawili katika kijiji kimoja cha kata ya Titye kuzindua kisima. Wanakijiji walikuwa wakisubiri tangu saa mbili. Akina mama walikuwa na ndoo mpya vichwani.

Kabla ya kijiji kuna kilima cha udongo mwekundu. Melkiadi alisimama chini yake, akageuka nyuma, akawaambia wageni maneno aliyokuwa akiyasema miaka ishirini na mmoja: "Tulieni." Akahakikisha kidude kiko kwenye nyota. Akakanyaga mafuta.

Gari lilikataa. Alikanyaga zaidi, injini ikanywea badala ya kunguruma. Magurudumu hayakuzunguka kwa hasira kama alivyotaka, yalijivuta taratibu, yakasimama, kisha gari likateleza kinyumenyume hadi mtaroni. Alijaribu mara sita. Mara ya saba alishuka na kuchuchumaa penye gurudumu la mbele, kwa mazoea, akipapasa kifungo ambacho hakipo.

"Nilipapasa pale muda mrefu," anasema. "Nilijua hakuna kitu. Lakini niliona aibu kusimama."

Wageni walivua viatu wakapanda kilima kwa miguu, kilomita mbili na nusu. Wanaume wa kijiji wakaja na kamba za mkonge wakalivuta gari huku wakiimba. Mtoto mmoja akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika, kwamba hiki kigari bado kinanyonya. Watu wakacheka hadi ndoo zikadondoka. Bosi, akiwa na tope hadi magotini, hakucheka. Alimsogelea Melkiadi na kumuuliza mbele ya wote: "Mzee, imekuwaje?"

Hapa Melkiadi anakunjua kitambaa chake na kukikunja upya. Mwandishi anazima kinasa sauti, Melkiadi anamwambia akiwashe tena.

"Nilisema hivi. Nilisema, yule binti wa gereji ameharibu foo."

Siku mbili kabla, Safina alikuwa amelifanyia gari hilo huduma ya kawaida. Alibadilisha oili, akaangalia breki, akaandika kadi yake na kuisaini. Hakuna zaidi ya hapo.

Sentensi ile moja ilirudi Kasulu kabla ya gari. Jioni hiyo ilikuwa imefika gereji. Kesho yake ilikuwa sokoni, imeongezewa chumvi: kwamba mkono wa mwanamke hauendani na injini, kwamba aliacha nati, kwamba alikuwa akichezea simu. Wiki ile ile mwenye gereji alimwambia Safina apumzike nyumbani mpaka maneno yapoe.

Na Melkiadi? Melkiadi alipewa pole. Watu walimwita kando kumwambia kwamba asingekuwa yeye kwenye usukani, wageni wangekufa. Anasema aliamini kabisa, wakati huo, kwamba Safina ndiye aliyeharibu. Mwandishi alimuuliza kama kweli aliamini. Akafikiri.

"Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini," anajibu. "Hiyo nayo ni namna ya uongo."

Ukweli ulimkuta kambini Nyarugusu mwezi wa tano. Alikuwa amepeleka vipuri vya pampu, akisubiri mzigo ushushwe, akapiga soga na Constantin, mkimbizi kutoka upande wa Uvira anayeuza sabuni na betri karibu na geti. Constantin aliwahi kuwa dereva wa misheni kwao, na hana ugonjwa mwingine ila magari. Aliomba aingie tu akae. Akafungua kijisanduku cha mbele ya kiti, akatoa kitabu cha maelezo. Nusu yake ni Kiingereza, nusu Kifaransa. Kwa Melkiadi kitabu kile kilikuwa karatasi ya kufutia kioo. Constantin akaanza kukisoma kama mtu aliyepata barua ya nyumbani.

Mwandishi alimtafuta Constantin, akamkuta kwenye meza yake ya sabuni. Anaikumbuka siku ile vizuri.

"Papa Melki ananiambia, ona hii etoile, hii ndiyo inakuwaka na force yote," anasimulia. "Mi namwambia, apana papa, hii haiko etoile. Hii ni neige. Ile barafu inaangukaka kule Bulaya, nyeupe. Ukiweka hapa, gari inapunguza force, juu pneu zisiterereke. Akaniuliza, na kwa potopoto? Nikamwambia, kwa potopoto ni hii ya pneu yenye imezama. Hii ya neige kwa potopoto itakulalisha njiani."

Etoile ni nyota, neige ni theluji, pneu ni tairi, na potopoto, kwa Wakongo, ni tope. Constantin anasema Melkiadi alimwomba asome tena. Akasoma tena. Akamwomba asome mara ya tatu, polepole. Halafu akashuka garini na kwenda kusimama nyuma ya choo cha geti.

"Nilifikiri ameguswa na malaria," anasema Constantin.

Jioni ile, njiani kurudi, kulikuwa na kipande kibaya cha tope penye daraja. Melkiadi alizungusha kidude hadi kwenye picha ya tairi lililozama, ile aliyoiita onyo. Gari lilitikisika kidogo, likachimba, likapita kama halikuona kitu. Anasema hajawahi kulichukia gari kama dakika ile. Alisimama ng'ambo ya daraja akalia, mtu mzima, injini ikiwa inawaka na mkanda ukiwa umemfunga.

Wengine wangemaliza hadithi hapa na kumpa maua. Lakini Melkiadi hakuenda kwa bosi kesho yake. Hakuenda kesho kutwa. Alikaa kimya Juni, Julai, Agosti, na sehemu kubwa ya Septemba. Miezi minne alikuwa akiendesha akiwa kwenye picha sahihi, gari likipanda kila kilima, na bosi akimsifu kwamba amelitengeneza mwenyewe baada ya binti kuliharibu. Alizipokea sifa hizo.

Mkewe, Ndayikeza, mkulima wa maharage na mwanakwaya, anasema aliona mumewe akikonda. "Nilidhani ana mwanamke," anasema bila kutabasamu. "Nikamwambia, mficha uchi hazai, sema. Aliponieleza nikamuuliza, sasa mbona hujaenda kwa mtoto wa watu? Akageukia ukutani. Siku tatu sikumpikia. Mimi namheshimu mume wangu, lakini lile lilinitia kichefuchefu."

Kilichomvunja, kwa maneno yake mwenyewe, ni salamu. Wiki mbili zilizopita aliingia duka la Bwana Abdalah, baba yake Safina, kununua sukari. Safina alikuwa nyuma ya meza, ushungi umebanwa vilevile, mikono iliyokuwa ikifungua injini inafunga robo robo za sukari kwenye mifuko. Alinyanyua macho, akamwona.

"Akasema, shikamoo baba mdogo. Akanipimia sukari, akazidisha kidogo kama mtu wa nyumbani," anasema Melkiadi. "Angenitukana ningekwenda zangu nikalala. Lakini shikamoo?"

Siku hiyo hiyo alimweleza bosi wake yote, kuanzia andazi la chai mpaka kitabu cha Kifaransa. Alipewa onyo la maandishi, na bosi akapiga simu gereji mbele yake kulisafisha jina la Safina. Likabaki jambo moja.

Kwao Kitahana, mtu haombi radhi mikono mitupu. Unabeba kibuyu cha pombe ya ndizi, unaenda na shahidi mmoja, unakiweka katikati. Mnakunywa kwa mrija mmoja, mkosaji akianza, na kosa lenyewe halitajwi sana. Kila mtu anajua kwa nini kibuyu kimekuja. Kikiisha, na jambo limeisha. Ni desturi ya watu wenye haya, na imewapatanisha Waha wengi.

Lakini Safina ni Mwislamu. Kibuyu hakiingii pale. Melkiadi alizunguka na tatizo hilo siku kadhaa. Akafikiria soda, akaona ni mchezo. Akafikiria kuku, akaona atakuwa kama mtu anayeposa. Mwishowe akaelewa alichokuwa akitafuta.

"Nilikuwa natafuta kitu cha kuweka katikati ili nisiseme," anasema. "Kwa yule binti hakuna kibuyu cha kujifichia. Inabidi mdomo uende wenyewe."

Shahidi aliyemchagua ndiye mwandishi wa makala haya. Alitaka mtu atakayeandika, ili asije akapunguza maneno baadaye.

Jumamosi saa nne asubuhi tunashuka dukani. Melkiadi amevaa shati jeupe la kanisani na amenyoa ndevu. Bwana Abdalah hayupo, ameenda Kigoma mjini kuchukua mzigo, atarudi Jumanne. Safina anatoka nyuma ya meza na kutuletea viti viwili. Mwandishi anakaa. Melkiadi anabaki amesimama.

Anasema kwa Kiswahili, akikosea maneno, jasho likimtoka. Anasema kwamba hakusikiliza siku ya mafunzo. Kwamba aliita theluji nyota. Kwamba kilimani Titye alimsingizia mbele ya watu kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Kwamba amejua ukweli tangu mwezi wa tano na akaendelea kula sifa. Mteja mmoja anaingia kutaka chumvi, anasikia, anatoka kinyumenyume bila chumvi.

"Sina cha kukupa mwanangu," anamaliza. "Nimekuja hivi hivi."

Safina anarudi nyuma ya meza. Anaokota uzi kwenye meza na kuuzungusha kidoleni.

"Baba mdogo, nimekusikia, na nimekusamehe," anasema. "Hata mwezi wa Ramadhani, kabla hujajua mwenyewe, nilishaomba Mungu anitoe kinyongo. Lakini kuna kitu hukijui, na nikikuficha nitakuwa kama wewe."

Anaeleza kwamba mwenye gereji alimwita arudi kazini wiki ya tatu tu. Mafundi wenyewe walilikagua gari kimyakimya, hawakuona kosa. Nafasi yake ilikuwa wazi Aprili, na iko wazi hadi leo.

"Gereji haikunifukuza. Baba ndiye aliyenizuia," anasema Safina. "Nilimlilia, nikamwambia sikuharibu, nikamletea kadi yangu niliyosaini. Akaniambia, Melkiadi namjua miaka ishirini. Ananunua kwangu kwa mkopo na hajanidanganya hata senti. Kati yako na Melkiadi, anayesema uongo siyo Melkiadi."

Melkiadi anakaa. Anakaa vibaya, ukingoni mwa kiti, mwandishi anamshika mkono asianguke.

"Kwa hiyo mimi usiniombe radhi sana," anaendelea Safina. "Mimi ukweli nilikuwa naujua siku zote. Nenda kamwambie baba. Umwambie mwanawe hakumdanganya."

Nje, Melkiadi anatangulia kwa hatua ndefu. Karibu na soko la mitumba anasimama na kumshika mwandishi kiwiko. Anasema Jumanne saa moja asubuhi atakuwa mlangoni kwa Bwana Abdalah, kabla hajafungua duka.

"Siogopi atanikasirikia. Hasira ni haki yake," anasema. "Ninachoogopa ni kwamba hataniamini. Atadhani najisingizia kwa huruma, ili binti apate kazi. Umeona jina zuri linavyoweza kuwa baya?"

Kwa hiyo ana mpango wa pili, na bosi wake ameshaukubali. Mvua za kwanza huku hufika mwezi wa kumi, na kilima cha Titye hakijahama. Siku kitakapolowa, atamwomba Bwana Abdalah apande Kisanduku akae mbele. Safina ndiye atakayeshika usukani, na ndiye atakayezungusha kidude.

"Baba yake atayaona kwa macho yake mikono ya mwanawe inavyofanya kazi," anasema Melkiadi. "Mimi nitakaa nyuma. Nitafunga mkanda, na nitanyamaza."